Moto wa Vyungu Tabora: Joto Hupimwaje Bila Kipimajoto?

Akina mama wengi wanaifahamu Tabora kwa asali yake, kwa maembe, na kwa stesheni ambako Reli ya Kati hugawanyika, njia moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Reli ilifika hapo mwaka 1912. Kabla yake njia ilikuwa ya miguu, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa nao walipitishwa humo humo. Mgeni hupelekwa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi hadi Agosti. Nasi tulikwenda, na panafaa kutembelewa. Lakini safari yetu ilikuwa ya kuona vyungu vikichomwa.

Sababu ilikuwa ada za shule. Wenzetu katika kikundi cha akina mama kanisani walianza ufinyanzi ili wapate kipato, na udongo waliupata mzuri. Hasara ilikuja motoni. Katika vyungu kumi, vinne au vitano hupasuka, au hutoka vizima kwa macho lakini baada ya wiki chache za kutiwa maji huanza kumomonyoka. Mama aliyefanya kazi siku kumi akabaki na vigae hana la kumwambia mwalimu mkuu.

Sisi wauguzi jambo la kwanza tunaloliuliza ni joto. Kipimajoto cha mgonjwa huishia nyuzi 42 za sentigredi. Huko Tabora na Urambo wakulima wa tumbaku hutundika kipimajoto ndani ya bani la kukaushia, na mwishoni mwa ukaushaji husoma nyuzi sabini na kitu. Moto wa vyungu uko mbali sana na hapo. Udongo huanza kuwa chungu kweli kweli, kisichoweza kurudi kuwa tope, baada ya maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake kutoka, na hayo hutoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Moto wa wazi wa kuni na nyasi kwa kawaida hufikia kati ya nyuzi 600 na 900. Kipimajoto cha kioo kingepasuka zamani.

Viwandani hutumia waya wa metali mbili unaounganishwa na saa ya kusomea joto, au vipande vidogo vya udongo maalumu alivyovibuni Mjerumani Hermann Seger mwaka 1886. Vipande hivyo huinama joto likifika kiwango chake. Wauguzi wenzetu watakumbuka utepe tunaoubandika kwenye mafurushi ya vyombo kabla ya kuyatia katika mashine ya mvuke: mistari yake ikigeuka kuwa myeusi, tunajua joto limefika. Ni wazo lile lile.

Mfinyanzi aliyetupokea ni bibi wa makamo anayeishi nje ya mji. Tulimsalimu "Mwangaluka, Bibi," akacheka Kinyamwezi chetu, akatukaribisha. Wengi wetu tunamjua mfinyanzi wa Yeremia sura ya 18 na gurudumu lake. Huyu hana gurudumu wala tanuri. Hukunja udongo kwa mkono, akaulaza pande juu ya pande, akalainisha kwa kipande cha kibuyu. Ndani ya udongo husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika. Tulidhani ni kubana matumizi, kumbe vigae hivyo huusaidia udongo kustahimili joto la ghafla.

Vyungu vilikuwa vimekauka kivulini majuma mawili. Hata hivyo alivizungushia kwanza moto mdogo wa nyasi, akivigeuza kila mara. "Wanangu, chungu hakipasuki kwa moto," alisema, "kinapasuka kwa maji." Ni kweli tupu. Maji yaliyojificha katikati ya udongo yakipita nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Hapo ndipo vyungu vingi vya wenzetu vilipokuwa vikifia, dakika za mwanzo kabisa.

Ndipo akavipanga, vikubwa katikati, akavifunika kwa magome, matawi makavu na nyasi, akawasha. Tukamwuliza anajuaje joto limetosha. Akasema huchoma jioni, jua likiisha kuzama, kwa sababu mchana rangi ya chungu humdanganya. Gizani chungu huanza kuonekana chekundu cha kufifia kwenye nyuzi 500 na kitu. Kikiwa chekundu cha kuiva, joto ni kati ya 700 na 800. Kikielekea rangi ya chungwa, limekaribia au kupita 900. Yeye hana namba hizo, ila jicho lake linazo zote.

Kwa asiye na jicho hilo tulikuwa tumekuja na kipimo cha bei ndogo. Alumini safi, kama ile ya waya wa umeme, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye 801. Tuliweka kipande cha waya na chembechembe chache za chumvi juu ya vigae viwili, kimoja katikati ya lundo na kingine ukingoni. (Chumvi iwe kavu na iwe kidogo, maana huruka ikipata moto, na watoto wakae mbali. Risasi ya betri kuukuu msiitumie kamwe; moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto na kwa mama mjamzito.)

Bibi alipenda habari ya chumvi. Alituambia kuwa zamani chumvi ya Uvinza ilifika mpaka kwao. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba huko Uvinza mwaka 1967, wakakuta kwamba watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi ndani ya vyungu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Bila chungu kilichoiva, njia hii ya misafara ingekosa bidhaa yake mojawapo kubwa.

Asubuhi tulifukua majivu. Ukingoni waya ulikuwa tone la mviringo, lakini chumvi ilibaki punje. Katikati vyote viwili vilikuwa vimeyeyuka, chumvi ikiwa imeganda kama barafu. Basi tofauti kati ya katikati na ukingo ilionekana wazi. Bibi alivigonga vyungu kwa kucha kimoja kimoja. Vya katikati vililia kama kengele. Viwili vya ukingoni vilitoa sauti ya kibuyu, akavitenga avichome tena na vya juma lijalo. Kati ya kumi na vinne kimoja tu kilipasuka.

Aliomba tumwachie waya uliobaki. Alisema wakati wa masika, kuni zikiwa mbichi, moshi huwa mwingi hata rangi haionekani.