Kikohozi cha Jumatatu

Baba yangu alifanya kazi miaka 26 katika kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam, sehemu ya kusokota nyuzi. Sisi watoto sita tulimjua kwa mambo mawili. Kila mwisho wa mwezi bahasha ya mshahara ilifika mikononi mwa mama ikiwa haijafunguliwa, nao waliketi pamoja wakatenga ada, unga na sadaka. Tena, hata akitoka shifti ya usiku, hakulala kabla ya kukagua madaftari yetu.

Kila Jumatatu kifua kilimbana. Ijumaa alikuwa na nafuu. Majirani walinong'ona kuwa ni kifua kikuu. Mimi nilikuja kulijua jina la ugonjwa ule chuoni, nikisomea uuguzi: bisinosisi, ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la pamba. Mwanzoni kifua hubana siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha huachia. Vumbi likivutwa miaka mingi, mapafu yanaweza kuharibika kwa kudumu. Wakati huo baba alikwisha kustaafu, na njiani kwenda kanisani alipumzika mara mbili.

Hakulalamika, maana ada zetu zilitoka katika vumbi lile. Lakini mama, uvumilivu wa mumeo usikufumbe macho. Kama anafanya kazi penye vumbi la pamba, sikiliza anavyopumua Jumatatu. Mkienda hospitali, mwelezeni daktari kazi yake na miaka aliyoifanya. Na umwambie asante angali anasikia.