Deni la Robota na Deni la Kalamu

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Methali hii nimeifundisha nikiwa mwalimu wa muda, nikaichambua maana ya juu na maana ya ndani mbele ya wanafunzi arobaini, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa asiyetaka kuonana na mganga. Nilikopeshwa shilingi 160,000 za masomo ya shahada ya kwanza, na hadi mwaka jana sikuwa nimerudisha hata senti.

Siku nisizokuwa na semina humsaidia shangazi yangu kuuza viatu vya mitumba sokoni Gikomba. Soko hilo lina msamiati ambao natamani mmoja wetu auandikie tasnifu. Robota likifunguliwa, mali bora inayochaguliwa mwanzo huitwa kamera. Masalio yanayobaki baada ya mikono yote kupita huitwa fagia. Shangazi huchukua robota kwa mali kauli: hapana hati, hapana mdhamini, ni neno tu baina yake na muuzaji wa jumla. Moto wa usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018, ulioua watu 15, uliteketeza kibanda chake pamoja na marobota mawili ambayo hakuwa amelipia. Mwenye mali alikuja siku ya tatu. Hakudai. Alitoa pole, akamwachia robota la tatu. Shangazi aliyalipia yote, na ilimchukua miezi kumi na minne.

Shangazi huyu huyu, nilipomfunulia siri ya deni langu, alinishangaa.

"Hiyo si ni pesa ya serikali, mwanangu? Serikali ina njaa gani hata idai mtoto asiye na kazi?"

Kauli hii ina historia. Serikali ilipoanzisha mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974, iliitoa kupitia wizara bila ya utaratibu madhubuti wa kuirejesha, na wengi waliipokea kama zawadi ya uhuru. Ndiyo sababu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, kiasi cha huruma. Uchungu umo katika faini: shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Miaka miwili ya kutafuta kazi ni shilingi 120,000, na asiye na mshahara huhesabiwa sawa na anayeuficha. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za mikopo hii hazipaswi kuuzidi mkopo wenyewe.

Na anayeshindwa kabisa je? Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu aliyetangazwa mufilisi afunguliwe miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Pale sokoni sijakutana na mtu aliyetaka kusikia habari hiyo. Kuitwa mufilisi ni tusi. Lugha yetu nayo imeshirikiana na sheria za zamani. Tuna kufilisi, kufilisiwa na kufilisika. Lakini kama kufunga kuna kufungua na kuziba kuna kuzibua, mbona hatujaunda kufilisua? (Wanaisimu wanisamehe.) Marekani yenyewe, ambako kufilisika mahakamani si jambo geni, iliondoa mwaka 1998 nafasi ya mdaiwa wa mkopo wa serikali wa masomo kufunguliwa kwa kupita miaka tu. Tangu hapo sharti athibitishe dhiki iliyopita kiasi.

Hatua chache kutoka Gikomba, huko Majengo ya Pumwani, mzee mmoja mteja wetu alinikumbusha kwamba wenye madeni waliolemewa ni mojawapo ya mafungu manane ya wanaostahili zaka. Kisha akaongeza, huku akijaribu kiatu: "Lakini lazima kwanza waseme kwamba wanadaiwa." Nilijifanya nafunga kamba.

Kwa maoni yangu watu wa Gikomba si wadanganyifu. Wanalipa deni lenye uso, deni lililouona moto na kuketi matangani. Bodi haina uso, wala haijui kibanda kimeungua. Ningependa faini isimame hadi mtu apate kipato, na nitalitetea hilo popote. Hata hivyo, hoja hiyo sikuwa na haki ya kujifichia nyuma yake: miezi fulani nilikuwa na fedha, nikanunua vitabu na simu.

Mwaka jana binti wa shangazi aliitwa chuo kikuu. Jioni moja tulikuwa tukikunja turubai huku shangazi akilalamika kwamba mkopo wa binti haujatoka, na karo inasubiriwa. Nilimweleza kwamba sehemu ya fedha anazozingojea ni zile wanazorudisha watu kama mimi.

Hakunijibu mara moja. Aliendelea kupanga fagia ndani ya gunia, jozi kwa jozi, kisha akaketi juu yake.

"Wanapokea kidogo kidogo?"

"Wanapokea."

"Basi kesho uje mapema. Tunafungua robota, na kamera ya kwanza tutaiuza kwa hesabu yako."