Udongo wa Kitale Unaoishia Budalangi

Kwetu ni karibu na Moi's Bridge, kwenye barabara ya Kitale kwenda Eldoret. Wazee waliendelea kupaita Hoey's Bridge, jina la enzi za walowezi. Daraja hilo linavuka Mto Nzoia, ambao utotoni mwangu ulikuwa umezibwa na matete na mikuyu, ng'ombe wakifikia maji kwa vijia viwili vitatu tu. Kiangazi tuliona changarawe za chini.

Watu wakaongezeka, mashamba yakagawanywa, mahindi yakateremka hadi ukingoni. Mikuyu ikawa makaa, mikaratusi ikashika nafasi yake. Nilipokuwa sekondari Bungoma, tulikwenda kutazama maporomoko ya Nabuyole pale Webuye. Mvua za Aprili zikianza, maji yalianguka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulishangilia kishindo, rangi haikumshughulisha mtu.

Rangi ile ilikuwa ikielekea Budalangi, kaunti ya Busia, ambako Nzoia inaingia Ziwa Victoria baada ya kilomita zipatazo 250 kutoka milima ya Cherangani. Ziwa halipwi wala halijai kama bahari, hivyo hakuna mkondo wa kila siku wa kuzoa matope mlangoni mwa mto. Nchi ni tambarare, maji yanapunguza mwendo na kutua mzigo. Sakafu ya mto inapanda katikati ya matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko, na matuta yakipasuka, kama mwaka 2003 na 2008, watu wanahamia kambini. Mei 2020 ziwa lenyewe lilikuwa limefura, mto ukakosa pa kumwaga.

Nilipofika Budalangi, mvuvi mmoja mzee alichota maji kwa ndoo, akayaacha yatulie, akayamwaga taratibu. Chini lilibaki tope jekundu, laini, unene wa kidole.

"Kijana, hili ni shamba lenu," akasema. Kisha akanisimulia habari za ningu, samaki waliokuwa wakipanda mto kutaga kila msimu wa mvua, na ambao sasa ni wa kubahatisha.

Matuta yajengwe, lakini matuta hayazuii udongo usitoke kwetu juu, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Kanuni za maji zinataka angalau mita 6 za ukingo zisilimwe. Tuziache, tupande matete na mabingobingo. Ng'ombe watakula, na jirani zetu wa Budalangi watalala makwao.