Marejeo Ngamani: Njia za Bonde la Genesee

Mwenda tezi na omo, husema watu wa pwani, marejeo ngamani. Msemo huu umezaliwa chomboni, kwa hiyo ni haki kumpimia nao mtu aliyezaliwa chomboni. Mary Jemison alizaliwa baharini, karibu na mwaka 1743, wazazi wake wakiwa safarini kutoka Ireland kwenda makoloni ya Uingereza huko Marekani. Kaburi lake leo liko mbali na maji ya chumvi, juu ya korongo la Mto Genesee, katika Hifadhi ya Letchworth ya jimbo la New York.

Mto huo hutoka Pennsylvania ukaelekea kaskazini hadi Ziwa Ontario. Zama za barafu zilipokwisha, bonde lake la kale lilikuwa limezibwa kwa vifusi, nao ukalazimika kujitafutia njia mpya kwa kukata mwamba. Kazi hiyo haijesha. Pahala pengine kuta za korongo hufikia kimo cha futi 550, na matabaka yake yamepangika kama kurasa za msahafu mkongwe. Ni tope na mchanga wa bahari iliyokuwapo hapo zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Mzawa wa kisiwani akisimama ukingoni hana haja ya kujiona mgeni mno: anachokitazama ni sakafu ya bahari iliyoinuliwa juani.

Hifadhi ni nyembamba na ndefu, yapata maili 17, ikiufuata mto kwa pande zote mbili. Njia zake za miguu, zikiunganishwa, hupita maili 60. Iliyo mashuhuri kupita zote huandama ukingo wa magharibi kwa maili 7, ikiyapitia maporomoko matatu, la Juu, la Kati na la Chini. La Kati huanguka futi 107, na ukungu wake huwalowesha watazamaji waliosimama mbali. Kulifikia la Chini hakuna budi kushuka ngazi za mawe nyingi, na mwenye kushuka hukumbushwa na magoti yake kwamba kuna kupanda. Kuta fupi za mawe, ngazi na daraja dogo la huko chini ni kazi ya vijana wasio na ajira walioandikwa na serikali katika miaka ya 1930, dunia ilipokuwa imeshikwa na ufukara. Hawakuacha majina yao juu ya mawe, lakini kila anayeegemea ukuta ule asiporomoke anawaegemea wao. Na kuporomoka si maneno matupu, kwani mwamba wa ukingoni humomonyoka kwa uzito mdogo. Ndiyo sababu ya amri ya kutoiacha njia.

Ardhi hii imeitwa kwa jina la William Pryor Letchworth, mfanyabiashara wa Buffalo, aliyeanza kuinunua mwaka 1859. Aliyakuta magenge yamekatwa miti, akapanda mingine, akaweka maskani yake mbele ya Poromoko la Kati. Uzeeni mwake kampuni moja ilikuwa na idhini ya kujenga bwawa juu ya maporomoko. Mwaka 1906 akaamua kulitoa shamba lake lote la ekari 1,000 kwa jimbo, akibakisha haki ya kuishi humo hadi kufa kwake. Alifariki mwaka 1910. Bwawa lilikuja kujengwa baadaye, likakamilika mwaka 1952, lakini chini kabisa ya korongo, kuukinga mji wa Rochester na mafuriko. Maporomoko yakasalimika.

Ukarimu huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo mtoaji hakuwa mwenyeji wa kwanza. Kabla yake bonde lilikuwa la Waseneca, na njia zilikuwapo kabla ya hifadhi. Katika mojawapo ya njia hizo alikuja Mary Jemison.

Katika miaka ya 1750, akiwa binti mdogo, alitekwa vitani na wazazi wake wakauawa. Dada wawili wa Kiseneca waliokuwa na msiba wa kaka yao walimchukua badala ya marehemu, wakamwita dada. Aliolewa, akazaa, kisha akatembea kutoka nchi ya Ohio hadi Genesee, mamia ya maili, mwanawe mgongoni. Sanamu ya shaba iliyowekwa kaburini pake mwaka 1910 inamwonyesha katika mwendo huo.

Mwaka 1779 jeshi la George Washington lilipita katika nchi ya Waseneca likichoma vijiji na mahindi ghalani. Mary alitoka na watoto wake kutafuta pa kushinda njaa, akafika kwenye tambarare ya Gardeau, kando ya mto. Hapo aliwakuta wanaume wawili weusi waliotoroka utumwani, wakilima peke yao. Akawafanyia kazi ya kumenya mahindi, na katika kila mashada kumi moja likawa lake. Watoto wakaokoka na baridi. Watu watatu wasiokuwa na kwao pale ndio waliolishana, na mwenye chakula alikuwa yule ambaye sheria ya nchi ilimhesabu kuwa mali ya mtu.

Vita vilipokwisha aliambiwa yu huru kurudi kwa Wazungu wenzake. Alikataa. Sababu yake, kama alivyosimulia uzeeni katika kitabu kilichochapwa mwaka 1824, ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: alihofu kwamba ndugu zake, hata akiwapata, wangewadharau wanawe. Mwaka 1797 akapewa Gardeau, karibu ekari 18,000. Kufikia mwaka 1831 yote ilikuwa imekwisha uzwa. Akahamia kwa Waseneca karibu na Buffalo, akafa huko mwaka 1833. Mwaka 1874, makaburi ya huko yalipokuwa hatarini, mabaki yake yaliletwa bondeni kwa ridhaa ya wajukuu zake.

Mwacha asili ni mtumwa, husema msemo mwingine. Je, huyu aliiacha asili? Mwenye kujibu haraka na awaulize kwanza wale wawili wa Gardeau, ambao asili waliporwa na utumwa wakaukimbia. Ngama ya chombo si pale safari ilipoanzia. Ni pale maji yote yanayoingia hukusanyika, yaliyotoka omo na yaliyotoka tezi. Mama huyu aliihesabu asili kwa kuwatazama waliomtegemea.

Miji ya Buffalo na Rochester imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili husikika katika mitaa yake. Akitokea mmoja wao siku ya mapumziko, mwana mgongoni, akashuka ngazi zile za mawe, hatakuwa wa kwanza kufika bondeni kwa namna hiyo. Chini atayakuta maji yakianguka kwa kishindo, na daraja jembamba la kumvusha ng'ambo.