Kabla Hujauliza Matokeo

Kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto hakinyooki. Kimepinda kwenye kiungo cha katikati, na nikiandika kwenye kompyuta kinagusa herufi ambazo sikuzitaka, kwa hivyo nimejifunza kuchapa kwa vidole tisa. Watu wakiniuliza kimefanya nini, nasema ni hoki. Wanacheka. Garsen na hoki, wapi na wapi? Wanafikiria barafu na Wazungu waliovaa helmeti, ama zile shule za Nairobi zenye uwanja wa kijani kama zulia la msikiti.

Lakini mpira wa magongo umo kwenye michezo ya shule za sekondari za Kenya, muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Na Tana River ni kaunti kama kaunti nyingine. Sisi tulicheza kwenye udongo uliokauka hadi ukapasuka. Mpira ukigonga ufa unabadilisha nia, unaruka kwenye goti la mtu. Uwanja wetu ulikuwa mchezaji wa kumi na mbili, na hukujua yuko upande gani.

Sasa mdogo wangu yuko kidato cha tatu na anacheza beki kwenye timu ileile. Muhula wa kwanza wa 2025 simu zilianza kuja kwangu, si kwa mama. Pesa ya safari. Raba. Barua ya ruhusa, nani atatia sahihi? Ndiyo maana naandika haya, na nakuandikia wewe mwenye miaka ishirini na kitu, unayekaa chumba kimoja Kasarani ama Bamburi, unayefikiri habari za wazazi hazikuhusu. Nani anatuma M-Pesa mdogo wako akikosa viatu? Mwalimu anapiga namba ya nani? Basi. Wewe ndiye mzazi, na hakuna aliyekupa mafunzo.

Cha kwanza ujue kwamba msimu ni mfupi kuliko kelele zake. Mtoto atafanya mazoezi Januari na Februari, alfajiri kabla jua la Garsen halijakasirika, halafu mashindano yenyewe ni siku mbili tatu. Kaunti ndogo, kaunti, Pwani, taifa, kisha Afrika Mashariki, ambako mwaka 2023 michezo ilikuwa Rwanda na 2024 ikawa Uganda. Kwenye kila ngazi wengi wanapanda basi kurudi kwao. Pwani peke yake ina kaunti sita, na anayepita ni mmoja ama wawili. Kwa hivyo mwanao anaweza kukimbia wiki nane ili acheze dakika mia moja. Ukiupima msimu wake kwa zile dakika mia, utakuwa umemdhulumu.

Pili, ujue ni mchezo wa aina gani. Mpira wa hoki una uzito wa gramu 160 hivi, lakini ni mgumu kama jiwe. Gongo lina uso mmoja tu wa bapa. Ukipiga kwa upande wa mviringo, refa anapuliza. Hakuna gongo la mtu wa mashoto, kila mtu anajifunza upande mmoja. Vinavyoumia ni ugoko, vidole na mdomo. Kabla hujauliza habari ya jezi, nunua vikinga ugoko na kinga ya meno. Kabla hujauliza habari ya kikombe, muulize mwalimu: kisanduku cha huduma ya kwanza nani anakibeba? Kuna mwalimu wa kike anayesafiri na wasichana? Watalala wapi? Mara nyingi ni darasani kwenye shule mwenyeji, madawati yamesukumwa ukutani, kwa hivyo neti ya mbu na shuka si mapambo. Na kwa sisi Waislamu, angalia kalenda. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, katikati ya muhula. Mtoto aliyefunga atakimbia saa ngapi, atafuturu nini, njia ikiwa ndefu? Maswali haya yaulizwe mapema, kwa heshima, na mtu mzima. Mtoto hatayauliza. Anaogopa kuachwa.

Tatu ni ndoto, na hapa ndipo tunapowapoteza watoto wengi. Kenya iliwahi kuwa kubwa kwenye mchezo huu. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 tulimaliza nafasi ya 6. Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971, tukawa wa 4. Avtar Singh Sohal, aliyekuwa nahodha wetu, alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Halafu mchezo ukahama kutoka nyasi za kawaida kwenda nyasi bandia. Olimpiki ya kwanza kuchezewa hoki juu yake ilikuwa Montreal 1976, mwaka uleule Kenya iliposusia. Timu yetu ilionekana Olimpiki mara ya mwisho Seoul, 1988. Uwanja wa City Park kule Nairobi, uliotengenezwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka udongo wetu wenye nyufa. Ndiyo, kuna vyuo vinavyowafadhili wachezaji. Lakini hesabu nafasi zenyewe, kisha hesabu wasichana wote wanaoshika gongo nchini. Usiweke karo ya familia nzima kwenye kifundo cha mkono cha mtoto wa miaka kumi na sita.

Mambo haya yote ungeweza kuambiwa na mwalimu yeyote wa michezo. La nne ni langu mwenyewe, na lilinichukua miaka kulielewa.

Kwetu neno gongo si neno jepesi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa kwenye delta ya Tana, Wapokomo na Waorma, watoto wakiwemo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulilala wiki kadhaa darasani mjini, familia nyingi chumba kimoja, na usiku chochote kikigonga bati mama alikuwa anatuhesabu kwa kutugusa vichwa. Miaka minne baadaye nikamwambia nimechaguliwa timu ya magongo.

"Magongo," alisema. "Na nani?"

Nusu ya timu walikuwa wasichana wa Kiorma. Mama hakukataa. Alinyamaza tu, akaendelea kupanga maembe kwenye beseni, makubwa juu, ya kuuzia abiria wa mabasi pale Minjila. Nikajua jibu ni hapana ambayo haijapata mdomo.

Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka, akaweka gongo mikononi mwa mama. Mama aligeuzageuza kile kitu, akapapasa bapa lake, akapima uzito. Akauliza swali moja: "Nani atakuwa nyuma ya mwanangu?"

Mwalimu, masikini, alidhani anaulizwa mambo ya uwanjani. "Golikipa," akasema. "Ni binti wa Kiorma. Hapitishi kitu yule."

Mama hakucheka. Lakini kesho yake alinipa nauli.

Mwaka uliofuata, kidato cha tatu, tulifuzu kwenda Hola, karibu kilomita 100 juu ya mto. Pesa ya safari, viatu na chakula vilizidi maembe. Mama akauza mbuzi aliyekuwa anamlea kwa ajili ya Idd. Asubuhi ya safari akanishika bega na kuniambia kwa mzaha, kabisa kwa mzaha, "Haya mwanangu. Nimetoa mbuzi, niletee kikombe."

Mechi ya pili, kwenye kona fupi, gongo la mtu lilishuka juu ya kidole changu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Nilichana kipande cha leso, nikakifunga kidole hicho pamoja na jirani yake, nikamwambia mwalimu nimechubuka. Usiku ule nililala mkono ukiwa juu ya begi, ukipiga kama moyo wa pili. Kesho yake nikacheza nusu fainali, tukafungwa 1-0. Nyumbani nilificha mkono ndani ya leso wiki mbili. Mama alikuja kugundua siku niliposhindwa kukamua nguo. Tulipofika hospitali tukaambiwa mfupa umeshajiunga vile ulivyotaka wenyewe.

Njiani kurudi aliniuliza mbona sikusema.

Nikasema, "Kwa sababu ya mbuzi."

Hakujibu. Nilidhani amekasirika. Sasa nafikiri alikuwa anajaribu kukumbuka alisema nini asubuhi ile, maana kwake ulikuwa mzaha uliokwisha palepale. Kwangu ulikuwa risiti.

Kama ingeishia kwenye kidole ningekuwa na hadithi ya kuchekesha tu. Mwaka 2019 nikaingia chuo kikuu Nairobi, na mama akauza vitu vingine. Hakuniambia nimletee chochote, alikuwa amejifunza. Mimi ndiye nilikuwa sijajifunza. Nilipoanza kufeli, nikafunga leso. Deni la karo lilipokua, nikafunga leso nyingine. Mwaka 2021 niliacha kwenda darasani, nikaanza kuandika makala za watu kwa malipo ya makala moja moja, na kwa miezi kumi na moja nikawa nampigia simu mama kila Jumapili kumwambia mitihani inaendelea vizuri. Miezi kumi na moja! Mtu mzima, nafanya mazoezi ya sauti kabla ya kupiga.

Siku nilipomwambia, nilisafiri hadi nyumbani. Nilitarajia kilio, ama kimya kile cha beseni la maembe. Alinitazama kidole, halafu uso, akauliza polepole, "Ni yule mbuzi tena?"

Hili ndilo ninalotaka wazazi wajue, hata wewe mzazi wa M-Pesa. Mtoto anajua bei ya kila kitu. Anajua nauli ni ngapi, anajua hukula vizuri mwezi huo, anajua raba zimetoka mfuko gani. Huna haja ya kumkumbusha. Ukimkumbusha, hata kwa mzaha, unamgeuza kuwa mdaiwa, na mdaiwa akiona mwenye deni anapita njia ya nyuma. Hatakwambia ameumia. Hatakwambia mwalimu fulani anamwita ofisini jioni. Hatakwambia hataki tena. Na katika msimu wa mashindano, ambapo timu ina wachezaji kumi na moja na wa akiba wawili, vitu hivyo vitatu ndivyo unavyotakiwa kuvijua mapema kuliko bao.

Kwa hivyo mwaka huu nilipomnunulia mdogo wangu gongo jipya, lililokula malipo ya makala mbili na nusu, nilifanya kitu kigumu sana kwa mtu wa ukoo wetu. Sikutaja bei. Alipouliza, "Dada, ni pesa ngapi?" nikamwambia hilo si swali la beki.

Mwisho wa Februari, kabla ya mfungo, mimi na mama tulienda kumtazama akicheza. Mama hakuwahi kuona mechi hata moja, enzi zangu zote. Uwanja ulikuwa na kivuli kimoja, cha mwarobaini, na chini yake alikuwa ameshakaa mama mmoja wa Kiorma, mamake golikipa. Walisalimiana kama watu wazima wa Tana wanavyosalimiana, habari za nyumbani, za mifugo, za mto, na mwaka 2012 ukakaa pale katikati yao bila kutajwa. Kufikia dakika ya ishirini walikuwa wanamtukana refa kwa umoja wa ajabu. Hakuna kati yao aliyejua sheria hata moja.

Tulikuwa nyuma kwa bao moja, zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulipomruka mdogo wangu mkononi. Nilimwona akiinama. Nikajua kabisa anachofanya: anahesabu. Nauli, raba, gongo, dada yuko hapa, mama yuko hapa. Nilitaka kupiga kelele lakini sauti haikutoka.

Akainua mkono. Akamwita refa, akatoka uwanjani kwa miguu yake, wasichana wengine wakimlilia arudi, na mtu fulani nyuma yetu akasema watoto wa siku hizi ni wa mayai. Timu ikamaliza na msichana wa kidato cha pili kwenye nafasi yake. Tukafungwa, msimu ukaisha hapohapo.

Alikuja chini ya mwarobaini, uso umejaa vumbi na machozi, akaanza, "Mama, nisamehe, tungesawazisha..."

Mama alimkata. "Wapi panauma?"

Mdogo wangu akatoa kidole gumba. Kilikuwa kimevimba kama embe bichi. Mama akakishika taratibu, akamwambia akinyooshe.

Kikanyooka.