Inasemekana: Tuhuma, Ushahidi na Wateule wa Mahakama

Katika hazina ya methali za Kiswahili, ipo moja isiyokosa mtetezi kila jina la mtu mashuhuri linapotajwa kwa ubaya: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwenye kuitumia huwa hana haja ya shahidi wala kielelezo. Uzito wa wahenga humtosha. Barazani, penye mzaha na masimulizi, methali hii haina madhara makubwa. Inapoingia katika uteuzi wa majaji, hugeuka upanga wenye makali kuwili. Humkata asiye na hatia, na papo hapo humpa mkosaji wa kweli nafasi ya kujificha, akidai kwamba yote yanayosemwa juu yake ni uvumi mtupu.

Mwanafunzi wa sarufi atakumbuka kwamba kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa: "imesemwa na Juma". Kauli ya kutendeka haimruhusu. Hakuna asemaye "inasemekana na Juma". Neno hili limemfungia msemaji mlango asionekane, ilhali yule anayesemwa amesimamishwa uwanjani peke yake. Kazi ya uchunguzi, kwa hivyo, ni kuigeuza "inasemekana" iwe "fulani amesema, siku fulani, kwa kielelezo hiki".

Kenya imewahi kuona gharama ya kushindwa kufanya hivyo. Mwaka 2003, kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera ilitoa ripoti iliyowataja majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufani, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu na mahakimu 82 kati ya 254. Majina yalichapishwa magazetini kabla wenyewe hawajasikizwa. Wengi walijiuzulu au kustaafu. Jaji Philip Waki alichagua kukabili jopo la uchunguzi, likamwondolea lawama, naye akarejea kazini. Mwaka 2008 taifa lilimkabidhi kazi ya kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi. Je, angalitoroka kelele za 2003, nani angalijua kwamba alikuwa hana hatia? Na miongoni mwa waliokwenda zao kimya kimya, nani ajuaye yupi alikuwa mkosaji na yupi alichoka tu?

Katiba ya 2010 ilikusudia kuponya donda hilo. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huchapisha majina ya waombaji, hualika umma kuleta taarifa na huwahoji wahusika hadharani. Hata hivyo, ulibaki ufa kati ya mahojiano na kiapo. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta hakuwaapisha, na upande wa Serikali ukaeleza kwamba zilikuwapo taarifa za kijasusi zilizotilia shaka uadilifu wa baadhi yao. Mmoja wa wateule hao alifariki wakati wa kungoja. Juni 2021, 34 waliteuliwa; sita wakaachwa, wakiwamo George Odunga, Aggrey Muchelule, Weldon Korir na Joel Ngugi. Sita hao waliapishwa Septemba 2022 na Rais William Ruto. Mlango haukufunguliwa kwa uchunguzi kukamilika, bali kwa Ikulu kubadili mpangaji. Kama tuhuma zilikuwa za kweli, wananchi walistahili kuzijua. Kama zilikuwa za uongo, wateule walistahili kusafishwa. Hakuna aliyepata haki yake.

Pengine somo linaweza kutafutwa mbali na Nairobi. Modogashe ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, mahali ambapo njia ya kutoka Isiolo hukutana na ile ya kutoka Garissa, zikaelekea Wajir. Wakazi wa nyika hii wanaujua uzito wa tuhuma isiyo na msemaji. Kwa miaka mingi neno "shifta" lilitosha kumtia mtu hatiani, na mwaka 1989 Wakenya wa jamii ya Kisomali walilazimishwa kupita katika msasa wa kuthibitisha uraia wao, kana kwamba ukoo ni ushahidi. Katika mji huo huo, mwaka 2001, wazee na viongozi wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo walifikia Azimio la Modogashe kuhusu wizi wa mifugo, mauaji, silaha haramu na fidia. Azimio hilo lina upungufu wake: fidia hulipwa na ukoo mzima, na sauti ya mwanamke haina nafasi ya kutosha. Lakini msingi wake ni thabiti. Kosa hutajwa kwa jina lake na malipo yake hujulikana kabla ya shauri kuanza.

Msingi kama huo ulionekana katika shauri la Jaji Mohamed Ibrahim, Mkenya wa jamii hiyo hiyo, aliyekuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu mwaka 2011. Bodi ya kuwachunguza majaji na mahakimu ilimwona hafai kwa sababu ya kuchelewesha maamuzi. Tuhuma ilikuwa bayana. Aliomba mapitio, akasikizwa, akarudi kazini. Huenda wapo wasiokubaliana na uamuzi wa kwanza au wa pili. Alau wanajua wanabishania nini.

Yupo atakayeuliza: vipi kuhusu karani au mlalamishi mnyonge anayeogopa kulipiziwa kisasi? Hoja hii ni nzito. Jibu lake ni kwamba jina la mlalamishi laweza kufichwa kwa umma, lakini lisifichike kwa Tume. Naye mteule apewe kiini cha tuhuma na muda wa kujibu. Vilevile mchunguzi asiwekewe mipaka na mwenye kunufaika na matokeo. Nchini Marekani, mwaka 2018, uchunguzi wa ziada kuhusu tuhuma dhidi ya Brett Kavanaugh ulipewa muda usiozidi wiki moja. Pande zote mbili zilitoka zikiwa na shaka zile zile zilizoingia nazo.

Wahenga walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jina la mtu likichafuliwa, wengine huliona jepesi. Tume itakayopokea taarifa za kijasusi kama inavyopokea barua ya mchungaji wa Modogashe, ikadai kielelezo kwa kila mmoja, ikaweka siku ya mwisho na kuandika sababu za uamuzi wake, itakuwa imeupima mzigo huo kwa mizani. Na siku hiyo "inasemekana" itarudi barazani, ambako ndiko kwao.