Mabaki Yenye Mwenyewe

Kabimba iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kalemie, na walio mbali wakiitaja huanza na saruji yake. Mwenye ng'ombe huifahamu kwa jambo jingine: ile miezi ya kuanzia Juni, mvua zimekwisha, vilima vimechomwa moto, na ng'ombe anarudi jioni ubavu umebonyea, maziwa yamepungua. Miezi hiyohiyo baadhi ya miti ingali na majani mabichi. Nimeipita miaka mingi bila kujiuliza neno, maana huku kwetu mti hutazamwa kwa jicho la makaa. Shina ndilo mali. Majani hubaki pale panga lilipoyaangusha.

Habari za Embu, nchini Kenya, ndizo zilizoanza kunigeuza. Huko, katika miaka ya 1990, watafiti na wakulima walipima wakaona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya mti wa kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti 500 hivi, hata ikipandwa mipakani tu, humpa ng'ombe mmoja nyongeza ya majani hayo mwaka mzima. Nilifurahi, kisha furaha ikaingiwa na maswali. Embu iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Sisi tuko kando ya ziwa, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto. Kwetu naona miti ya lusina na gliricidia ingefaa zaidi. Lakini lusina ina mimosini, kitu kinachomdhuru mnyama akizidishiwa, kwa hiyo haifai kupita theluthi moja hivi ya mlo. Gliricidia nayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule yanapohitajika.

Ndiyo sababu ya kuvundika. Majani hukatwa wakati wa mvua yakiwa tele, hunyaushwa kidogo kivulini, hukatwakatwa, hushindiliwa kwenye shimo au mfuko mpaka hewa itoke, kisha hufungwa wiki kadhaa. Ndani humo vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayozuia kuoza. Ila majani ya miti ya mikunde yana protini nyingi na sukari kidogo, hivyo huongezwa molasi, na penye uhaba wa molasi, unga wa mahindi au wa mihogo.

Hapo kwenye unga ndipo nilipokwama, na sijakwamuka sawasawa hadi leo. Unga huo ndio ugali wetu. Mtu ataniambia kwamba ng'ombe ataurudisha kwa maziwa, nami nakubali, lakini atamrudishia nani? Mtoto aliyekosa kibaba cha unga si lazima awe ndiye atakayekunywa maziwa, kwa kuwa maziwa huenda kwa mwenye fedha.

Nilimweleza mama jirani, anayelowesha mihogo karibu kila juma. Akanisikiliza, akauliza, "Mwanangu, na maganda je?" Swali lake lilinipa nafuu kubwa. Maganda yana wanga, na ile sumu ya mhogo mchungu hupungua sana kwa kuvundikwa, jambo ambalo mikono yake inalijua kuliko mimi niliyelisoma. Nikaona njia imepatikana. Kabla sijamshukuru akaongeza kwamba maganda yake huliwa na mbuzi wake.

Tangu siku hiyo nalitazama upya kila ninaloliita mabaki. Maganda yana mbuzi. Majani yanayodondoka shambani yana udongo unaoyangoja, na gliricidia hasa hurutubisha mahindi yanayoota karibu nayo. Nikiyapeleka yote kwa ng'ombe, kuna mahali nimepunguza, hata kama mahali hapo hapana sauti ya kulalamika. Labda samadi ikirudishwa shambani deni hupungua. Labda pia matete yaliyokatwakatwa, yakichanganywa na majani ya miti, yataleta sukari ya kutosha bila kugusa unga wa mtu.

Nimemwomba mama jirani sehemu ya maganda, nami nimpe samadi kwa shamba lake la mihogo. Hajakubali. Anataka kwanza aione samadi yenyewe, na ajue mbuzi wake watakula nini mwezi wa Agosti.